Kipoyi cha Lushebere

Jumapili ile, ibada ilipokwisha, watu kama arobaini walikaa kwenye nyasi za mteremko, chini ya mikaratusi, na mwenyekiti wao, ambaye wote wanamwita Papa Prezida, akawaomba wajitambulishe kwa mgeni. Nilijiandaa kusikia mwalimu, mkulima, fundi cherehani. Mzee wa kwanza akavua kofia, akataja jina lake, akaongeza: "Bibi yangu alibebwa mara mbili." Akakaa. Kijana aliyemfuata akasema: "Miye mwenyewe nilibebwa, muguu ulivunjika." Mama mmoja aliyempakata mtoto akasema huyo mtoto alizaliwa njiani, kabla hawajafika hospitali, na wanaume waliokuwa wakimbeba waligeuka wakatazama bonde mpaka wanawake walipomaliza kazi yao. Ikaendelea hivyo mpaka mtu wa mwisho. Hakuna aliyetaja kazi anayofanya.

Kipoyi, kwa msomaji wa Tanzania au Kenya, ni machela. Ni miti miwili mirefu, hapa mara nyingi mianzi, iliyofungwa kamba na kitambaa kizito katikati, na mgonjwa hulazwa humo akafunikwa blanketi. Wanne hubeba kwa mabega, wengine hufuata wakingoja zamu. Milima ya Masisi, mashariki mwa Kongo, ni mikali, nyumba ziko juu, barabara iko chini, na pikipiki haipandi kila mahali, sembuse mvua ikinyesha. Kwa hiyo watu wa kilima wanajipanga. Wana daftari la majina, wana zamu, wana mfuko mdogo wa fedha wa kumsaidia anayelazwa, na anayekosa zamu bila sababu hulipa amande, yaani faini. Ndicho chama nilichokwenda kukitembelea Lushebere mwezi wa Septemba 2021.

Nilikwenda na rafiki yangu, muuguzi wa Goma, mzaliwa wa Lushebere. Tulifahamiana kwenye mafunzo Arusha, tukazoeana kwa sababu ya lugha. Yeye aliniambia Kiswahili changu ni cha vitabuni, mimi nikamwambia chake kina utamu ambao changu kimeupoteza. Nilipomweleza kwamba nyumbani mimi ni mwanachama wa klabu ya huduma kwa jamii, na kwamba tunachangia madawati na kupima watu macho, aliniuliza swali moja tu: mnawabeba wagonjwa? Nikasema hapana. Akasema, basi uje kwetu uone.

Goma ni mji uliojengwa juu ya moto. Mawe ya volkano ni meusi barabarani, meusi kwenye kuta za nyumba, meusi kwenye vumbi linaloshika nguo. Miezi minne kabla ya safari yangu, usiku wa tarehe 22 Mei, Mlima Nyiragongo ulilipuka na tope la moto likashuka hadi pembezoni mwa mji. Siku chache baadaye serikali iliamuru mitaa mingi ihame, na watu kwa maelfu wakashika njia ya Sake kwa miguu, magodoro vichwani. Rafiki yangu alikuwa miongoni mwao pamoja na watoto wake. Walifika Sake, wakapanda kwenda kwa mama yake Lushebere. Nyumba ya vyumba vitatu ikalaza watu kumi na saba.

Nilimsikiliza akisimulia hayo huku tukipita pale pale. Wakimbizi wa Masisi tumezoea kusikia habari zao wakishuka kwenda Goma. Kambi za Lushebere na za Masisi-Centre zimekuwa katika taarifa za mashirika kwa miaka mingi. Mara hii mji ndio uliokimbilia mlimani, na waliopokea ni watu ambao baadhi yao walikuwa bado wanaishi kwenye vibanda vya turubai. Chama cha kipoyi kilikusanya maharagi nyumba kwa nyumba. Mama wa rafiki yangu alinionyesha kwa mkono kiasi walichopata, akipima kuanzia sakafuni mpaka gotini mwake. Gunia liliishia hapo.

Baada ya Sake mawe meusi yanakwisha ghafla na kijani kinaanza. Mtu wa Upare, kaskazini mwa Tanzania, kama mimi hujiona anaijua milima, lakini milima yetu imevaa migomba na misitu. Hii ya Masisi imevaa majani mafupi laini mpaka kileleni, na juu yake ng'ombe wametapakaa kama punje za maharagi zilizomwagika mkekani. Mushaki tulisimama kununua fromaji, jibini la duara lenye ganda la manjano ambalo Goma nzima inalijua. Tulikata kipande tukala na viazi vya kuchemsha vilivyokuwa bado vinafuka moshi, na baridi ya saa nne asubuhi ilikuwa kama ya Lushoto mwezi wa Julai. Chukudu zilitupita zikishuka kwa kasi, yale magari ya mbao ya magurudumu mawili, yamepakiwa viazi na makabichi, na vijana wamepiga goti moja juu yake.

Uzuri huo una mwenyewe. Nilipouliza ng'ombe ni wa nani, niliambiwa wengi ni wa watu wanaoishi mjini, na kilima kizima kinaweza kuwa shamba la mtu mmoja ambaye wakulima wa kando hawajawahi kumwona. Wao hulima kwa kukodi kipande, msimu hadi msimu. Kwetu Upare ardhi ni finyu, lakini wengi wana kipande chao cha urithi, hata kama ni cha migomba kumi. Kulima mwaka mzima bila kujua kama mwakani utalima hapo hapo, hilo sikuwahi kuliishi, na nadhani mtu hawezi kuielewa Masisi bila kulifikiria kwa muda.

Kabla ya Katale dereva alizima redio ili tuongee. Akaniuliza nakuja kufanya nini. Nikamwambia nataka kuandika makala. Akanitazama kwa mshangao, akageuka akamtazama rafiki yangu, ambaye alicheka mpaka akafuta machozi. Kwao makala ni mkaa. Dereva alikuwa akijiuliza kwa nini mtu atoke Tanzania kuja kuandika mkaa.

Siku ya pili ilikuwa ya salongo. Neno hilo Wakongo wengi wanalijua tangu miaka ya 1970, Mobutu alipoamuru wananchi wote wafanye kazi za pamoja, na wazee hawalitaji kwa furaha. Nyuma ya salongo kuna kumbukumbu nyingine, ya Wabelgiji, waliowalazimisha wanakijiji kutoa siku 60 za kazi kwa mwaka, na wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia siku 120. Rwanda wana umuganda wao wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Buganda wana bulungi bwansi, Kenya wana harambee. Sisi Upare tuna msaragambo, na bila msaragambo hakuna ndiva, yale mabwawa ya kuhifadhi maji ya kumwagilia ambayo wazee wetu walichimba milimani. Baragumu likilia, kila nyumba itoe mtu na jembe. Nikiwa mtoto nililichukia baragumu lile kwa sababu lilikuwa linaninyima mchezo.

Salongo ya Lushebere siku ile ilikuwa njia ya kipoyi. Mvua ilikuwa imekula kingo, na mahali pamoja njia ilikuwa nyembamba kiasi kwamba wabebaji wanne hawangeweza kupita sambamba. Tulichimba ngazi, tukaweka mawe, tukatandika magogo ya mikaratusi kwenye kijito. Mwanzo hawakutaka nishike jembe. Mgeni hutazama. Mama wa rafiki yangu akakata maneno: "Huyu ni muntu wa milima, mumuache." Nikachimba. Mchana tulikula bugali na sombe, kile tunachokiita kisamvu, na sambaza wadogo wa ziwa Kivu waliokaangwa mpaka wakakauka. Tuliokaa kwenye duara lile tulikuwa na lugha za mama tatu au nne, na nisingeweza kusema nani ana ipi mpaka alipogeuka kumwita mtoto wake.

Hapa lazima niseme jambo ambalo mgeni wa Masisi husitasita kulisema. Milima hii imemwaga damu ya majirani. Kati ya mwaka 1937 na 1955 Wabelgiji waliwahamishia huku maelfu ya familia kutoka Rwanda ili wapate wafanyakazi wa mashamba, wakawaweka kwenye ardhi ya Wahunde, na swali la nani mwenyeji na nani mgeni halikupata jibu. Machi 1993 mauaji yalianzia sokoni Ntoto, upande wa Walikale, yakaenea Masisi yote. Watu wa rika langu Lushebere walikuwa watoto wakati huo, na kila mmoja ana hadithi ambayo haisimulii mbele ya mgeni. Mimi sikuiuliza. Nilimuuliza Papa Prezida swali la kando: mgonjwa akiwa wa jamii nyingine, inakuwaje? Alinijibu bila kufikiri, kama mtu aliyeulizwa kama maji yanalowesha: "Tunabebaka mugonjwa. Hatuulizake ni wa nani." Kisha akanyamaza kidogo, akaongeza kwamba kulikuwa na wakati waliuliza, na wakati huo watu walifia majumbani.

Usiku wa siku ya nne nilikiona kipoyi kikifanya kazi. Mvua ilikuwa imekatika, ukungu umeshuka mpaka mlangoni. Saa tano hivi tukasikia filimbi kutoka juu, mara tatu, kimya, mara tatu tena. Mama mjamzito, uchungu tangu asubuhi, mtoto amekaa vibaya. Katika muda ambao ningekuwa bado natafuta viatu, wanaume kumi na wawili walikuwa wameshafika uani, mmoja akisoma majina kwenye daftari kwa mwanga wa simu. Apeli, wanasema. Hata usiku, hata mama akilia ndani, majina yanaitwa kwanza. Nilidhani ni ukaidi. Baadaye nilielewa kwamba bila apeli wangekuja watano wenye moyo, na watano hawatoshi kwa njia ile.

Wanawake tuligawana mzigo. Hospitalini familia ndiyo inayompikia mgonjwa wake, kwa hiyo kila safari ya kipoyi ina sufuria, unga, blanketi, kanga za mtoto, na mkaa wa siku mbili tatu. Mimi nilipewa mkaa. Rafiki yangu akanitwika gunia dogo kichwani akasema taratibu: "Haya, makala yako hii."

Nimetembea milimani tangu utotoni, na sijawahi kutembea namna ile. Mbele alikwenda kijana mwenye taa. Nyuma yake wanne, na kipoyi kikielea kati yao karibu sawa kabisa, kwa sababu wa mbele waliinua mikono na wa nyuma walikunja magoti kila mteremko ulipozidi. Baina yao waliongea Kihunde, wengine Kinyarwanda, wakitaniana kwa sauti ya chini, pengine ili mama asikie utani asisikie hofu. Lakini amri zote zilitolewa kwa Kiswahili. "Shimo." "Polepole." "Kuume." "Badili!" Na neno hilo la mwisho likitamkwa, bega jingine liliingia chini ya mti kabla bega la kwanza halijatoka, na kipoyi hakikushuka hata inchi moja. Nimeishi na Kiswahili maisha yangu yote, nimekisikia bungeni, misikitini, madarasani na kwenye taarabu. Sijui kama nimewahi kukisikia kikibeba uzito kama usiku ule.

Tulipofika barabara kuu hakukuwa na gari, wala hakuna aliyelitegemea. Usiku magari hayatembei. Tulielekea Masisi-Centre kwa miguu. Penye vizuizi, kijana wa taa aliinua kitambaa cheupe akaita "Mugonjwa! Mugonjwa!" na tukapita. Mara moja tu tulisimamishwa, na askari aliyekuja kutazama alimulika uso wa mama, akazima tochi, akatembea nasi hatua kadhaa bila kusema neno.

Hospitali kuu ya Masisi inasaidiwa na Madaktari Wasio na Mipaka tangu mwaka 2007, na karibu nayo kuna nyumba ambako wajawazito wenye hatari huja kungojea siku zao ili wasikutwe na uchungu milimani. Kwa mama huyu siku zilimtangulia. Walimwingiza chumba cha upasuaji, na wabebaji wakakaa nje kwenye benchi na chini, mabega yakifuka mvuke kwenye baridi. Hakuna aliyeondoka. Nilimuuliza mmoja kwa nini asirudi kulala, kesho ana kazi ya kulima. Akasema kama mambo yangeharibika, kipoyi kingerudi na mtu vilevile. Asubuhi tuliambiwa ni msichana, na mama yake yuko salama. Wanaume walisimama, wakajinyoosha, wakakunja kitambaa, wakarudi nyumbani na miti mitupu begani. Mimi nilibaki kuwasha jiko.

Nikiwa pale kwenye jiko nilikumbuka kitu kuhusu neno lenyewe. Kipoyi ni ndugu wa tipoye, kile kiti cha kubebwa ambacho maofisa wa kikoloni walikalia huku wenyeji wakikiinua mabegani kuwapitisha milimani na mitoni. Picha zake zipo nyingi: mzungu mwenye kofia ngumu amekaa juu, watu wanne chini yake hawatajwi majina. Mababu wa hawa vijana huenda walibeba viti hivyo kwa amri. Wajukuu wamekichukua kifaa kilekile, wamekitia daftari la majina, na wameamua wenyewe nani apande.

Klabu yangu ya nyumbani ni ya namna ile iliyoanzia Chicago mwaka 1905, wakili Paul Harris alipokutana na wenzake watatu ofisini, kila mmoja na taaluma yake. Moja ya kazi zao za mwanzo kwa mji ilikuwa kupigania vyoo vya umma. Naiheshimu kazi hiyo na bado ni mwanachama. Lakini kwetu tunajitambulisha kwa taaluma, na tunaowasaidia ni wengine, walioko mahali pengine, ambao tunawafikia kwa gari siku ya tukio. Lushebere mtoaji na mpokeaji wako kwenye daftari moja. Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda, kuna vyama kama hivi vinavyoitwa vya engozi, yaani machela, na baadhi vimekua vikawa vya akiba na bima ya afya. Si ajabu. Watu waliokwisha kuaminiana kwa mwili wa mgonjwa hawatashindwa kuaminiana kwa fedha.

Jumapili ile ya utambulisho, zamu yangu ilikuwa ya mwisho. Nilisimama, nikataja jina, na sikuwa na la kuongeza. Halafu nikakumbuka. Mama aliwahi kuniambia, nikiwa mdogo na sisikilizi, kwamba bibi yangu alishushwa kwa machela kutoka milimani hadi hospitali ya Gonja, na akapona. Nikasema: bibi yangu alibebwa. Wakashangaa, maana kwao bibi ni mke. Nikarekebisha: mama wa mama yangu. Papa Prezida akatikisa kichwa kwa kuridhika, akauliza, kama mtu anayejaza daftari: "Nani alimubeba?"

Sikujua.

Tangu wakati ule Masisi imepita kwenye mengi. Vita vya waasi wa M23 viliifikia njia ya Sake, na mwanzoni mwa Januari 2025 Masisi-Centre ikaingia mikononi mwao. Kabla mwezi haujaisha, Goma nayo. Rafiki yangu alipotea hewani kwa wiki kadhaa. Alipopatikana, habari zake za kwanza zilikuwa za watoto, za pili za mama yake, wote wazima. Za tatu zilikuwa za chama. Wengi wametawanyika, Papa Prezida amehamia kwa mwanawe, daftari liko kwa katibu. Kipoyi kinaendelea kubebwa, na wanaobeba ni wachache zaidi, kwa hiyo zamu zimekuwa ndefu.

Nilipofika nyumbani kutoka Lushebere nilimuuliza mama swali la Papa Prezida. Alikaa kimya muda, kisha akaanza kuhesabu kwa vidole. Alinitajia majina sita. Wanne wameshafariki. Wawili wapo, mmoja kijiji cha jirani, na nilikwenda kumwamkia wiki ileile.